Ruhusa ya Somo Yangu

Mapinga, Bagamoyo
Jumapili, 4 Februari 2024

Kwa somo yangu mpenzi, Bi Mwanajuma,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na ile miguu imeacha kuvimba. Mimi sijambo.

Kifurushi chako kilichokuja na basi nimekipata. Kanga nimezipenda mno, na yale majani ya kuchemsha nimeanza kuyanywa. Ahsante sana, somo. Tangu mama afariki, hakuna mwingine anayekumbuka kwamba mimi ni mtu wa kutumiwa kitu.

Mpwa wako aliniambia kwamba siku hizi hata ukipigiwa simu husikii, na maandishi ya kwenye kioo yanakuumiza macho. Basi nitakuandikia kwa mkono, herufi kubwa kubwa, kama ulivyokuwa unanikazania nilipokuwa mwari wako, umenitia ndani kunifunda.

Kazi inaendelea. Pale kiwandani wamenihamishia meza ya kukatia mananasi kabla hayajaingia kwenye mashine za kukaushia. Tunasimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi. Msimamizi wetu anaitwa Clara, mtu wa hapa hapa Bagamoyo, wa zile familia za misheni. Mkali, lakini ana huruma. Ana ombi analoliandaa kwa meneja wetu, Bwana Haidar, kwamba mwanamke akiwa mwezini asiingie kiwandani siku hiyo. Sisi wanawake tumegawanyika. Wewe unaonaje?

La mwisho. Kuna rafiki yangu hapa, siku zake zikifika tumbo linamuuma mpaka anatapika. Kuna majani mengine yenye nguvu kuliko haya? Ni rafiki, si mimi.

Mwari wako,
Sihaba


Pangani
10 Februari 2024

Sihaba,

Marahaba. Miguu ni ile ile, tuiache.

Barua yako imenipandisha damu. Mwanamke akiwa mwezini asiingie kiwandani? Kwa nini, mananasi yataoza? Huyo Clara wenu kayatoa wapi hayo? Mimi nimewatia ndani wari kumi na sita, na hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba akiwa katika siku zake asishike chakula cha watu. Tunaacha kusali, tunaacha kufunga, basi. Tunapika, tunanyonyesha, tunakamua nazi, na hakuna aliyekufa kwa kula. Leo mnataka kufukuzwa mlangoni kama mna ukoma, na nyie wenyewe mnaliandikia ombi! Usitie saini.

Halafu nikuulize: mambo haya yamefikaje mezani kwa mwanamume? Hujasahau ulivyonishika mkono siku ile na kuapa kwamba ya ndani yatabaki ndani. Meneja anataka kujua nini juu ya siku zako?

Huyo rafiki yako mwambie avumilie. Ndivyo tulivyoumbwa. Akizaa yatapungua. Majani mengine sina.

Nimekasirika, ila si na wewe. Nafurahi kwamba kanga zimekupendeza. Ile yenye wekundu nilizunguka maduka matatu kuitafuta.

Somo yako,
Mwanajuma


Mapinga, Bagamoyo
22 Februari 2024

Bi Mwanajuma, shikamoo.

Hunijui. Mimi ndiye Clara, msimamizi wa Sihaba. Naandika kwa sababu yeye mkono hauwezi, na kwa sababu naona aibu.

Juzi Jumanne, kama saa tano asubuhi, Sihaba alianguka pale mezani akiwa na kisu mkononi. Kilimkata kiganja cha kulia, ameshonwa nyuzi saba. Yuko salama, amerudi nyumbani, na wenzake wanampikia kwa zamu. Nilipokuwa natafuta namba ya ndugu yake, nilikuta barua yako kwenye mfuko wa aproni. Nikaisoma. Naomba unisamehe kwa hilo.

Bibi, yule rafiki anayeumwa tumbo ni yeye mwenyewe. Tangu Oktoba amekosa kazi mara tatu, na mara zote tatu aliandika kwamba ana malaria. Ofisi ikampa barua ya onyo. Akipata ya pili, mkataba unavunjwa.

Na mimi sijasema hata siku moja kwamba mwanamke asiguse matunda. Pengine Sihaba alieleza kwa kifupi mno. Ninachoomba ni kwamba mwanamke akizidiwa katika siku zake apewe siku moja ya kupumzika kwa mwezi, akitaka mwenyewe, bila kukatwa mshahara na bila kwenda kujieleza kwa mwanamume. Asiyeihitaji aje kazini kama kawaida.

Sasa sikia la aibu yangu. Jumanne ile, kabla hajaanguka, alinijia akaniomba akae chini kidogo. Nikamjibu, “Kila mtu hapa amechoka.” Ombi nilikuwa nalo kwenye droo tangu Januari, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nikamwambia asimame. Mimi siku zangu hazinisumbui. Nilijua jambo hili kwa kusikia tu.

Nikienda kumtazama ananiomba nisikuambie. Nimeona ni heri anilaumu.

Wako katika heshima,
Clara


Pangani
27 Februari 2024

Mwanangu Sihaba,

Barua ya Clara nimeisoma mara nne. Nilianza kwa kuudhika kwamba umenificha. Kisha nikajiuliza, aliyekufundisha kuficha ni nani? Nikalia. Mpwa wangu akadhani nimeletewa habari ya msiba.

Usimlaumu Clara. Mpe salamu zangu, mwambie namshukuru, na kwamba maneno yangu juu yake nimeyarudisha.

Sasa soma taratibu, kwa kuwa haya hata marehemu mume wangu hakuyajua yote.

Nilipokuwa na umri kama wako, nilikuwa mpishi katika shule moja ya bweni. Tulipika ugali wa watoto mia tatu, kwa kuni, masufuria ya kuinuliwa na watu wawili. Kila mwezi nilikuwa na siku mbili ambazo nilikuwa natambaa. Nikiulizwa, nasema malaria. Siku moja mwalimu mkuu aliniambia mbele ya wapishi wote, “Mwanajuma, malaria yako ina kalenda.” Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, nikiwa nimejishika tumbo. Haukupita mwaka, kazi akapewa mwingine.

Nikarudi nyumbani, nikakaa na maumivu hayo miaka tisa. Hospitali ilikuwepo. Lakini kwenda hospitali ni kusema, na mimi niliona aibu kusema. Siku nilipobebwa kupelekwa, daktari alisema nimechelewa. Kizazi kikatolewa. Watu wakasema Mungu hakunipangia mtoto. Nikawaacha waseme, hata mume aliyenioa baadaye nikamwacha aamini hivyo.

Yale niliyokufundisha juu ya usafi ni sawa. Ya adabu na kujistahi ni sawa. Lile la kuvumilia silo, Sihaba. Lile sikufundishwa na somo yangu, nililitoa kwangu mwenyewe. Nadhani nilitaka na wengine wavumilie, ili kule kuvumilia kwangu kuwe na maana.

Nenda kwa daktari wa kina mama. Mweleze kila kitu, na akiwa mwanamume mweleze vile vile. Majani yangu yamwage.

Na Mungu akulipe kwa kuniuliza juu ya “rafiki yako”. Ungekaa kimya kabisa ningekufa na haya kifuani.

Somo yako,
Mwanajuma


Mapinga, Bagamoyo
Jumapili, 10 Machi 2024

Somo yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema, kama mwezi utaandama kesho au kesho kutwa. Mwandiko usikutishe, kidonda kimefunga, ila vidole bado vizito.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilikaa mlangoni mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama sijambo. Miaka yote hiyo nilikuwa nakuona mwanamke ambaye hakuna kinachomuuma. Ahsante kwa kuniambia. Sijui nikushukuru vipi zaidi ya kufanya ulivyosema.

Nimekwenda. Daktari ni mwanamke, mpole, alinisikiliza bila kutazama saa. Amenipima, akanipiga picha ya tumbo, kisha akanituma Dar kwa mkubwa wake. Wanasema nyama inayotakiwa iote ndani ya kizazi, kwangu imeota na nje yake, ndiyo maana ikifika siku zangu tumbo zima linawaka. Wamenianzishia dawa. Niliuliza lile ninaloogopa. Wakasema hawaniahidi, lakini nimekwenda mapema na mlango haujafungwa. Mapema, somo! Nilitoka pale nikakunywa soda nzima peke yangu.

Sasa kuna hili. Bwana Haidar ameitisha mkutano wa wafanyakazi wote, Alhamisi tarehe ishirini na moja. Amesema ombi la Clara ameliona, lakini anataka kusikia kutoka kwa wanaoumwa wenyewe, wote wakiwepo. Clara hawezi kusema maumivu asiyoyajua. Wenzangu wananitazama mimi, kwa kuwa kila mtu aliniona nikianguka.

Wapo wanaopinga. Hope, tunayekata naye meza moja, ni kibarua wa mkataba mfupi. Aliniambia, “Sihaba, wewe ukipata hiyo siku, mimi nitakosa kazi. Watasema bora waajiri wanaume tu, hawana siku za kulala.” Siwezi kusema anakosea. Na wale wanaume wa mashine, Muhidini hasa, wameshaanza: eti na wao watafutiwe siku ya kuumwa ndevu.

Lakini siyo Muhidini anayenizuia. Ni kile kiapo. Nilikushika mkono nikaapa kwamba ya ndani hayatafika mbele ya wanaume. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini nilimaanisha. Siwezi kusimama pale bila wewe kuniruhusu. Ukisema nisiseme, sitasema, na sitakulaumu.

Mwari wako,
Sihaba


Pangani
16 Machi 2024

Sihaba,

Nimekufungua. Kiapo uliapa kwangu na mimi ndiye ninayekiondoa, leo Jumamosi, nikiwa nimefunga na akili yangu timamu. Niliposema ya ndani yabaki ndani, nilikuwa nazungumzia heshima ya nyumba yako na mume wako. Ugonjwa si siri ya nyumba.

Sema kwa adabu, usimtukane mtu, wala usilie ukiweza. Huyo Hope msimcheke. Hofu yake ina haki. Mwambieni meneja amjibu yeye kwanza.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine imefungwa, ina jina la Bwana Haidar. Mpe mwenyewe mkononi kabla ya mkutano. Usiifungue. Ningekuwa na masikio ningekuja kusema kwa mdomo.

Nakuombea kila nikifuturu.

Mwanajuma


Pangani
16 Machi 2024

Kwa Bwana Haidar, Meneja

Assalamu alaikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na moja. Sina kazi kwako wala sina ndugu wa damu kiwandani kwako, ila Sihaba aliyekatwa na kisu ni mwari wangu. Wewe ni mtu wa pwani, huna haja ya kuelezwa maana yake.

Nasikia unataka kujua kama mwanamke kupumzika katika siku zake ni haki au ni uvivu. Nitakuuliza jambo dogo. Leo umefunga. Mama watoto wako, siku zake zikimkuta katika mwezi huu, hafungi na hasali. Umewahi kumwita mvivu? Umewahi kumtaka aandike barua ya kujieleza? Aliyetuumba, ambaye ibada zote ni zake, ametuachia siku zile. Na kiwanda cha mananasi kinashindwa na siku moja?

Sikuambii kwamba kazi ni dini. Nakuambia tu kwamba wewe tangu utotoni umeishi nyumbani kwenye ruhusa hii na nyumba haikuanguka.

Mimi nilikuwa mpishi. Niliumwa, nikadanganya, nikachekwa, nikafukuzwa. Kwa kuona haya sikutibiwa, na sikupata mtoto. Aliyenifukuza hakuwa mtu mbaya. Hakujua, na mimi sikumwambia. Wewe Alhamisi utaambiwa. Hilo ndilo linalokutofautisha naye.

Ukitaka kuwasomea watu barua hii, isome. Sina tena wa kumwonea aibu.

Nakushukuru kwa kuitisha mkutano. Wengine wangeitupa karatasi ya Clara.

Mwanajuma


Mapinga, Bagamoyo
Jumapili, 24 Machi 2024

Somo yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakueleza yote kwa utaratibu, maana najua utauliza.

Tulikusanyika kwenye banda la kupakilia, watu kama sitini. Bwana Haidar alikuwa amesimama na bahasha yako mfukoni, nilimpa asubuhi, akaniuliza tu, “Bibi huyu yuko hai?” Nikasema yuko hai.

Clara akanipisha. Nikasimama mbele yao. Nikasema, “Mimi naitwa Sihaba, mnanijua. Mara tatu niliwaambia nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa mwezini.” Nilitamani mashine zingekuwa zinanguruma. Nikaonyesha kiganja changu, nikawaeleza daktari alivyosema. Sikulia. Niliposema kwamba nilidanganya kwa kuogopa barua ya pili, nikawaona wanawake wanatazama chini, na nikajua si mimi peke yangu mwenye malaria pale.

Muhidini akanyoosha mkono. Nilidhani ataleta ndevu zake. Akauliza kwa upole tu: je, siku hiyo ikichukuliwa, kazi itafanywa na nani? Ni swali la haki. Hope naye akasimama akasema lake, kwamba anaogopa kunyimwa mkataba.

Hapo Bwana Haidar akatoa barua yako. Akaisoma yote, polepole. Alipofika pale uliposema hukupata mtoto alivua miwani, akaifuta, akaendelea. Hakuna aliyecheka, somo. Hakuna hata mmoja.

Kisha Muhidini, ambaye ni mtu wa msikitini, akasema, “Meneja, bibi amesema kweli, lakini swaumu mwanamke huilipa baadaye. Basi na siku ya kazi ilipwe.” Wanaume wakaunga mkono. Bwana Haidar akaonekana kuridhika, nikaona tumeshindwa. Mama mmoja wa kule nyuma, anayefua aproni zetu, akasema kwa sauti, “Swaumu inalipwa, swala je?” Akarudia, “Swala za siku zile tunazilipa, Muhidini?” Muhidini akakuna kichwa. “Hazilipwi, mama.” “Basi nani kakwambia kazi ni swaumu?” Banda zima likacheka, na Muhidini akacheka kuliko wote.

Hatukupata kila kitu. Tumepewa miezi sita ya majaribio. Siku moja kwa mwezi, haikatwi mshahara, wala hairudishwi kwa kufanya kazi Jumamosi. Anaambiwa Clara peke yake, na kwenye daftari linaandikwa neno “ruhusa” tu, kama ruhusa nyingine yoyote. Kwa Hope, Bwana Haidar alisema mbele yetu sote kwamba vibarua wamo, na kwamba mikataba ya wanawake itakayokwisha mwezi wa sita hatapunguza hata mmoja kwa sababu hii. Hope akamwambia aandike. Akaandika, akabandika ubaoni siku ile ile. Zaidi ya miezi sita hakuahidi. Na wanawake wawili bado hawataki kabisa jambo hili, wanasema tumejidhalilisha. Hawasemi nami sasa. Linaniuma, lakini nawaelewa, maana na mimi nilikuwa huko.

Barua yangu ya onyo imefutwa. Ilitoka kwenye faili nikaichana mwenyewe.

Jioni, wakati wa kuondoka, Muhidini alinifuata getini. Akasema dada yake anaumwa hivi hivi, na wao nyumbani wamekuwa wakimwita mdekaji. Akaomba jina la daktari. Nikampa.

Somo, mimi nilisimama pale kwa miguu yangu, lakini maneno yaliyougeuza mkutano yalikuwa yako. Ahsante. Nimeliandika neno hili mara ngapi katika barua hizi? Bado halitoshi.

Sihaba


Pangani
21 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba, na Idi ilipita salama. Barua yako imesomwa hapa mpaka karatasi imelegea.

Huyo mama anayefua aproni mpe salamu zangu za pekee. Mimi sikufikiria la swala. Ningekuwa na akili yake ningemaliza maneno kwa mistari miwili.

Bwana Haidar aliniandikia. Barua fupi, ya kiofisi, ila chini kabisa ameongeza kwa mkono kwamba alimsomea mkewe barua yangu, na mkewe akamwambia mambo ambayo katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwa amemwambia. Hakusema ni mambo gani. Kanishukuru. Nimefurahi.

Sasa na mimi nikupe habari yangu. Siku ya pili ya Idi niliwaita wari wangu wote walio karibu. Walikuja tisa. Wengine wana wajukuu! Walidhani nawaita kula biriani, na biriani walikula. Kisha nikakaa mahali ambapo wote wananiona, nikawaambia: nilipowaambia mvumilie, nilikosea. Nikawaeleza kwa nini. Sisikii vizuri, kwa hiyo niliwatazama nyuso. Adila, ambaye nilimtia ndani kabla hujazaliwa, alijifunika kanga usoni. Ameumwa miaka ishirini na tano na hakumwambia mtu, kwa kuwa mimi nilimwambia ndivyo tulivyoumbwa. Nilimwomba radhi. Akanishika kichwa kama mtoto, akanibusu utosi. Wiki iliyopita binti yake amempeleka Tanga hospitali.

Nilikuwa nikifikiri mwanamke asiye na mtoto akizeeka hubaki na majuto yake tu. Mungu kanipa nafasi ya kuyarekebisha kabla sijaondoka, na kanipa kupitia kwako. Sitaki unishukuru tena. Zamu yangu.

Kunywa dawa kwa wakati. Usimsikilize yeyote atakayekuambia uache.

Somo yako anayekupenda,
Mwanajuma


Mapinga, Bagamoyo
Jumanne, 14 Mei 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa Adila, nikamlilia kidogo pia.

Utasamehe, barua hii itakuwa fupi na mwandiko umelala, kwa sababu na mimi nimelala.

Mwezi uliopita dawa zilinisaidia, nikafanya kazi siku zote bila kuomba kitu. Nikaanza kujidanganya kwamba nimepona. Leo alfajiri maumivu yamekuja, si kama zamani, lakini yamekuja. Nilivaa, nikachukua aproni, nikafika mlangoni, nikasimama. Mguu mmoja nje, mmoja ndani. Ulikuwa ni ule ule woga, somo, mkutano haukuumaliza. Kisha nikarudi nikakaa kitandani, nikampigia Clara.

Nikamwambia, “Dada, leo siji. Niko mwezini na nimezidiwa.”

Akasema, “Pole. Pumzika. Kesho ukiwa bado, nipigie.”

Ni hayo tu. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, nina maneno mengi mdomoni, na hakuna aliyeyataka. Nikabaki nimeshika simu.

Clara aliniambia wiki iliyopita kwamba tangu Aprili walioomba siku hiyo ni saba, na kazi haijalala hata siku moja. Muhidini na wenzake hushika visu meza zikipungua watu. Hope hajaiomba na anasema hataiomba, lakini mkataba wake mpya ameshapewa hata kabla ya mwezi wa sita. Wale wawili, mmoja ameanza kunisalimia. Miezi sita ikiisha tutaona. Sitaki kuahidi kisichokuwa changu.

Nimechemsha maji, nimeyatia kwenye chupa, nimeiweka juu ya tumbo. Jirani anatwanga kitu. Jua limeingia kupitia dirishani hadi kwenye mkeka, na mimi sikuwahi kujua kwamba chumba changu hupata jua saa hizi, maana siku za kazi huwa sipo. Ni kizuri, somo. Kina mwanga mzuri.

Ulinikataza kukushukuru, kwa hiyo sikushukuru. Nakuambia tu ninachofanya: ni Jumanne, saa nne asubuhi, kazi ninayo, na mimi nalala.

Mwari wako,
Sihaba